Kabla ya kulipa karo ya chuo cha uuguzi, ulizia wadi

Kila matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, mazungumzo ya mezani hubadilika katika nyumba nyingi za mijini. Mtoto akipata C na zaidi, na Biolojia akaipita vyema, hakosekani shangazi au mjomba wa kusema: "Huyu mpelekeni akasomee unasi." Wengine huongeza kuwa muuguzi halali njaa, na kwamba hata Uingereza na Marekani wanawatafuta.

Ushauri huo si mbaya. Taabu ni kwamba aghalabu huishia hapo. Hakuna anayeuliza ni chuo gani, ni kozi gani, na kijana huyo atajifunza kazi yenyewe kwa wagonjwa wa hospitali ipi. Familia huuza ng'ombe, huchanga katika harambee na kukopa kwenye chama cha akiba. Kisha miaka inapita na mtoto anarudi nyumbani na cheti kizuri chenye muhuri mwekundu, lakini hakuna hospitali inayoweza kumwajiri kama muuguzi. Majuto, walisema wahenga, ni mjukuu.

Cheti si leseni

Jambo la kwanza ambalo mzazi anapaswa kulijua ni hili: nchini Kenya, chuo hakimfanyi mtu kuwa muuguzi. Mwenye mamlaka hayo ni Baraza la Wauguzi, chombo kilichoundwa chini ya Sheria ya Wauguzi ya 1983. Baraza ndilo huidhinisha vyuo, huwatahini wanaomaliza masomo, huwaandikisha wanaofaulu na kuwapa leseni ya kufanya kazi.

Ili aukalie mtihani huo, ni lazima mwanafunzi awe amesomea chuo kilichoidhinishwa. Isitoshe, jina lake huwa limepelekwa kwa Baraza mapema katika masomo yake, akapewa nambari ambayo wanafunzi huiita "indeksi". Asiye na indeksi hana mtihani, na asiye na mtihani hana leseni.

Orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa si siri. Baraza huichapisha, na mtu yeyote anaweza kuipata au kwenda ofisini mwao kuulizia. Ulizia pia kama kozi yenyewe imeidhinishwa, kwani chuo kinaweza kuwa na ruhusa ya kufunza diploma kisiwe na ruhusa ya kufunza digrii.

Mjini kuna mabango mengi yanayotangaza kozi za miezi michache za "msaidizi wa muuguzi" au mtunza wagonjwa. Kazi hiyo ni halali na ina heshima yake. Wazee wengi huhudumiwa majumbani na watu waliofunzwa hivyo. Lakini haimfanyi mtu kuwa muuguzi, wala haimpi nafasi ya kuukalia mtihani wa Baraza. Ukiambiwa kwamba baada ya miezi sita mwanao atavaa sare na kudunga sindano kama nasi yeyote, shika mkoba wako uondoke.

Njia tatu za kuingia

Njia inayotumiwa na wengi ni diploma, ambayo huchukua miaka mitatu. Anayetaka kuingia anahitaji wastani wa C katika KCSE. Ni lazima pia awe na C katika Biolojia, C katika Kiingereza au Kiswahili, na angalau C- katika somo moja kati ya Hisabati, Fizikia na Kemia. Wapo ambao wamepata wastani mzuri kabisa lakini wakakataliwa kwa sababu ya Biolojia pekee. Kwa hivyo usitazame jumla tu. Tazama somo moja moja.

Njia ya pili ni digrii katika chuo kikuu. Hii yahitaji wastani wa C+ na zaidi, huchukua miaka minne, kisha mhitimu hufanya mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini. Katika miaka ya karibuni kumekuwa na wahitimu waliosubiri kwa miezi kabla ya kupangiwa hospitali, na mzazi anapopiga hesabu zake ni vyema aliweke hilo akilini.

Njia ya tatu ni kozi ya cheti, ambayo hupokea wenye wastani wa C-. Aliyeingia kwa mlango huu hajafungiwa njia. Wauguzi wengi walianzia chini, wakafanya kazi, wakarudi darasani kwa diploma, halafu digrii. Mwenye diploma naye anaweza kubobea katika chumba cha upasuaji, wagonjwa mahututi au magonjwa ya figo. Katika uuguzi ngazi ni nyingi, na mtu anaweza kuzipanda huku akipokea mshahara.

Wadi ndiyo darasa

Sasa tuseme una orodha ya vyuo vitano, vyote vimeidhinishwa. Utachaguaje? Wengi hutazama majengo, mabweni na umbali kutoka nyumbani. Lakini uuguzi hausomewi ubaoni peke yake. Sehemu kubwa ya masomo hufanyika kando ya kitanda cha mgonjwa, na huko ndiko muuguzi hodari na muuguzi hafifu wanakotenganishwa.

Chuo cha Mafunzo ya Utabibu, KMTC, kilichoanza Nairobi mnamo 1927, sasa kina matawi zaidi ya 70. Mengi yako karibu na hospitali za umma. Huko mwanafunzi ataona kila aina ya ugonjwa: malaria kali, ajali za pikipiki, kisukari, akina mama wanaofika usiku na uchungu wa kuzaa. Faida ni kwamba atakutana na mengi. Hasara ni kwamba wanafunzi nao ni wengi, na unaweza kukuta kumi wamemzunguka mgonjwa mmoja, mmoja akifunga kidonda na tisa wakichungulia.

Upande wa pili kuna vyuo vya hospitali za makanisa, kama vile Tenwek kule Bomet, Kijabe, Chogoria na Maua. Katika vyuo vya aina hii idadi ya wanafunzi kwa kawaida huwa ndogo, na masharti huwa makali. Kwa yale ambayo hayapatikani hapo, wanafunzi hupelekwa kwingine. Wengi huja Nairobi kujifunza magonjwa ya akili katika hospitali ya Mathari, au ukunga katika Pumwani, ambako akina mama wamekuwa wakijifungua tangu 1926.

Hatusemi kwamba chuo cha aina moja kinashinda cha aina nyingine. Tunasema uliza maswali haya kabla ya kulipa. Wanafunzi wenu hujifunzia hospitali gani, na iko umbali gani? Nauli ni ya nani? Wadi moja hupokea wanafunzi wangapi kwa zamu? Yuko mwalimu anayewafuata wadini, au wanaachiwa wauguzi ambao tayari wamelemewa na kazi? Wangapi kati ya waliomaliza walifaulu mtihani wa Baraza mara ya kwanza?

Uliza pia chuo hufanya nini wafanyakazi wanapogoma. Mnamo 2017 wauguzi wa hospitali za umma waligoma kuanzia Juni hadi Novemba. Wadi zikiwa tupu, mwanafunzi hana mgonjwa wa kumhudumia wala mkubwa wa kumwelekeza. Chuo chenye mpango huwa na hospitali ya pili ya kuwapeleka wanafunzi wake. Chuo ambacho mkuu wake anakasirika kwa kuulizwa maswali haya kimekwisha kukujibu.

Jihadhari pia na matapeli. KMTC yenyewe imeonya mara kwa mara kuhusu watu wanaouza barua bandia za kujiunga. Nafasi hainunuliwi kwa mtu unayekutana naye hotelini. Fuata matangazo rasmi, na ulipe karo katika akaunti ya chuo pekee.

Mwaka wa kwanza huvunja wengi moyo

Anayefika chuoni akitarajia kuanza kwa kudunga sindano hushtuka. Majuma ya kwanza ni ya anatomia, fiziolojia na mikrobiolojia, na majina ya mifupa yasiyokwisha. Akiingia wadini, kazi yake ni kutandika vitanda, kupima joto na kuwaogesha wagonjwa.

Asidharau kazi hizo. Anayemwogesha mgonjwa ndiye wa kwanza kuona kidonda kinachoanza mgongoni kwa kulala sana. Ajuza akimwambia, "Mwanangu, mguu huu umekufa ganzi," naye akajibu, "Naam, nyanya, hebu niuone," hapo ameanza uuguzi, hata kama bado hajagusa dawa.

Hesabu pia huwatoa wengi jasho. Chukua mfano huu. Daktari ameagiza mgonjwa apewe lita moja ya dripu kwa saa 8. Mpira uliopo hudondosha matone 20 kwa kila mililita. Lita moja ni mililita 1,000, yaani matone 20,000. Saa 8 ni dakika 480. Muuguzi basi aurekebishe mpira hadi udondoshe takriban matone 42 kwa dakika. Akikosea, maji yanaweza kumzidi mtoto au mzee mwenye moyo dhaifu. Aliyeitoroka Hisabati katika kidato cha pili atakutana nayo tena hapa.

Kuna na hatari. Kabla ya kuingia wadini mwanafunzi ahakikishe amechanjwa dhidi ya homa ya ini aina ya B, chanjo ambayo kwa kawaida hutolewa mara tatu katika muda wa miezi sita. Akijidunga na sindano iliyotumika, asifiche kwa kuogopa kukaripiwa. Aoshe kidonda kwa maji na sabuni na aripoti mara moja, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya ukimwi ni lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita, na heri mapema zaidi.

Halafu kuna kifo cha kwanza. Hakuna kitabu kinachomtayarisha kijana wa miaka 19 kwa mgonjwa aliyemlisha uji asubuhi na kumkuta amefunikwa shuka jioni. Wazazi, mtoto akipiga simu usiku huo akisema anataka kuacha, msikimbilie kumkumbusha karo mliyolipa. Msikilizeni. Wengi wakishalia hulala, na asubuhi huvaa sare wakarudi kazini.

Fedha na zamu

Karo ya KMTC ni nafuu kuliko ya vyuo vingi vya kibinafsi, na wanafunzi wake wanaweza kuomba mkopo wa HELB. Zipo pia basari za eneobunge na za kaunti. Lakini karo si gharama yote. Kuna sare, viatu vya ngozi visivyotoa kelele, saa yenye mshale wa sekunde, vitabu, nauli ya kwenda wadini na ada za Baraza. Itisha orodha kamili ya miaka yote mitatu, si ya muhula wa kwanza pekee.

Kuhusu masomo, siri ya wanaofaulu si kubwa. Husoma kidogo kila siku hata wanapokuwa katika zamu, maana anayengoja zamu ya usiku iishe ndipo afungue kitabu hulala juu yake. Ugonjwa waliouona wadini mchana huutafuta kitabuni jioni, na hivyo hausahauliki.

Mwishoni hakuna mkato. Mwanafunzi hutahiniwa wadini akitoa dawa, akifunga kidonda bila kukiambukiza, akimhudumia mgonjwa mmoja kwa ukamilifu na akisimamia wadi. Ni lazima pia awe na kumbukumbu za akina mama aliowazalisha. Asiye na mazoezi ya kutosha huumbuka hapo, na ndipo mzazi hung'amua kwa nini aliambiwa aulizie hospitali.

Je, kazi ipo?

Tuseme ukweli: leseni si kazi. Hospitali nyingi hazina wauguzi wa kutosha, na bado kuna wenye leseni ambao hawajaajiriwa, kwa kuwa kaunti huajiri kwa kadiri ya fedha zilizomo. Mnamo Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa kuwawezesha wauguzi wasio na kazi kwenda kufanya kazi huko. Hata hivyo, anayekwenda ng'ambo hutahiniwa upya, na uzoefu wake huulizwa. Yule aliyepitia chuo kisichotambulika hafiki hata mlangoni.

Wengine wameonyesha kwamba muuguzi anaweza kuheshimika dunia nzima bila kuhama. Mnamo 2022, Anna Qabale Duba, muuguzi wa Marsabit, alishinda tuzo ya kimataifa ya wauguzi ya Aster Guardians huko Dubai, yenye dola 250,000. Naye pia alianza kwa kuketi darasani na kusimama wadini.

Kwa hivyo, wewe mzazi ambaye barua ya kujiunga iko mezani, usikimbilie benki kesho. Panda matatu na mwanao, mwende hadi chuoni, kisha mvuke hadi hospitalini wakati wa kuwaona wagonjwa. Mtafuteni mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayetoka zamu, mumwulize amejifunza nini juma hili. Jibu lake litawafaa kuliko kijitabu chochote chenye picha za rangi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.