Simu ya Mkononi na Uso wa Jirani



Anayesafiri katika vijiji vya Mkoa wetu wa Katavi hakosi kuona jambo hili wakati wa jioni: watu wawili au watatu wamesimama juu ya kichuguu, kila mmoja ameinua simu yake juu akitafuta mtandao. Mmoja anataka kujua kama mtoto wake amefika salama Tabora. Mwingine anauliza bei ya mpunga. Wa tatu anangojea fedha kutoka kwa ndugu yake aliyeko Dar es Salaam. Chini ya kichuguu hichohicho anapita jirani mwenye mzigo kichwani, naye anasalimu mara mbili bila kuitikiwa. Walio mbali wameletwa karibu. Aliye karibu amewekwa mbali.

Jumapili ya leo tunapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya simu ya mkononi. Wako wanaoisifu kupita kiasi, na wako wanaoilaani kana kwamba shetani mwenyewe ndiye aliyeibuni. Sisi hatusimami na kundi lolote kati ya hayo mawili. Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yao ya mwaka 1963 juu ya vyombo vya upashanaji habari, walivihesabu vyombo hivyo miongoni mwa mambo ya ajabu ambayo akili ya binadamu, kwa msaada wa Mungu, imeyavumbua. Kipaji cha Mungu hakilaaniwi. Lakini kipaji chaweza kutumiwa kwa ubaya, na chaweza pia kutumiwa kwa nia njema mahali pasipo pake. Hatari hii ya pili haionekani upesi, na ndiyo hasa tunayotaka kuifafanua.

Yafaa kwanza tukumbuke tulikotoka. Tawi la reli kutoka Kaliua hadi Mpanda lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya kuchukua madini ya risasi. Miaka mingi baadaye, garimoshi hilo liliendelea kutuletea barua za ndugu na jamaa. Aliyeandika barua alijua kwamba atangoje majuma kadhaa kabla ya kupata jibu. Mambo ya haraka yalipitia katika telegramu, na habari za misiba tulizisikia katika matangazo ya vifo ya Redio Tanzania. Wazee mnakumbuka jinsi nyumba nzima ilivyonyamaza saa ile ya matangazo, kila mmoja akiomba moyoni jina la kwao lisisomwe. Aghalabu aliyetangaziwa msiba alifika wakati marehemu amekwisha kuzikwa.

Huduma ya simu za mkononi ilianza katika nchi yetu mwaka 1994, ikiwa ni ya watu wachache wenye uwezo. Jimbo letu la Mpanda lilipozaliwa mwaka 2000 kwa kumegwa kutoka Jimbo la Sumbawanga, wengi wetu tulikuwa hatujapata kuishika simu ya namna hiyo. Kisha mwaka 2008 ikaja huduma ya kutuma fedha kwa simu, iliyokuwa imeanza Kenya mwaka mmoja kabla. Tangu hapo chombo hiki kimekuwa mdomo na mkoba kwa wakati mmoja.

Faida zake tunaziona kwa macho yetu. Mkulima wa mpunga wa Mpimbwe haanzi kupakia magunia kabla ya kuuliza bei ya mjini. Mvuvi wa Karema na Ikola anajua kama mnunuzi wa dagaa amekwisha kuwasili. Katika makazi ya Katumba na Mishamo wamo watu waliokimbia Burundi kufuatia mauaji ya mwaka 1972, pamoja na watoto na wajukuu wao. Wengi wao leo ni raia wa Tanzania. Baadhi yao waliishi miaka mingi bila kujua ndugu waliobaki nyuma wako hai au wamekufa. Mtu wa namna hiyo akiisikia tena sauti ya dada yake katika simu, nani kati yetu atathubutu kumwambia kwamba chombo hicho ni cha shetani? Kadhalika, tangu mwaka 2022 umeenezwa mikoani mpango uitwao m-mama: mama mjamzito au mtoto mchanga akipatwa na hatari, namba 115 hupigwa bila malipo ili usafiri wa kumfikisha hospitalini utafutwe. Hapo simu inaokoa uhai wa watu wawili. Tunamshukuru Mungu.

Lakini hasara nazo hazina budi kutajwa. Ninyi nyote mnaufahamu ujumbe ule usemao, “Ile fedha itume kwenye namba hii.” Aliyeuandika hakujui. Ameutuma kwa watu wengi, akitumaini kwamba kati yao hatakosekana mmoja ambaye siku hiyohiyo alikuwa ameahidi kumtumia mtu fedha, naye kwa haraka zake atadhani ujumbe umetoka kwa huyo aliyemwahidi. Tangu mwaka 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, na hata hivyo wadanganyifu hawajakwisha. Dawa yake ni nyepesi: mpigie ndugu yako kwa namba ile unayoijua, uisikie sauti yake, namba yako ya siri usimpe mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni mfanyakazi wa kampuni, na ujumbe wa udanganyifu uupeleke kwenye namba 15040 iliyowekwa kwa kazi hiyo. Makatekista, tunawaomba mlieleze jambo hili vigangoni, hasa kwa wazee wanaosomewa ujumbe wao na watu wengine.

Tena iko hasara ya nyumbani. Baba amerudi kutoka shambani, mama ameandaa ugali, watoto wamekaa. Lakini mmoja anacheka peke yake na simu, mwingine anatazama picha, wa tatu anajibu ujumbe. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko alipata kufundisha, mwaka 2015, kwamba familia inayokaa mezani kila mmoja akiitazama simu yake, bila kuzungumza, imekwisha kufanana na nyumba ya wapangaji. Nasi tunaongeza: wapangaji angalau husalimiana uani.

Hata hivyo, wapendwa, ubaya wa wezi na uzembe wa mezani si lililo gumu zaidi. Lililo gumu ni lile linalofanywa na watu wema, kwa nia njema. Hapa tunapenda kuungama jambo moja lililo letu sisi wenyewe.

Katekista mmoja, aliyekitumikia kigango chake kwa zaidi ya miaka 30, aliugua na kulala kitandani nyumbani kwake, mwendo wa saa tatu kwa pikipiki kutoka parokiani. Tulimpigia simu kila Jumapili baada ya Misa. Tulisali naye katika simu, tulimtumia fedha za dawa, na kila mara tulimaliza kwa kumwambia, “Tutakuja juma hili.” Kazi za parokia hazikosekani: mara kikao, mara mgeni, mara ujenzi. Barabara ilikuwa inapitika. Nasi moyoni tulijiona tumetimiza wajibu, maana sauti yetu ilimfikia na sauti yake ilitufikia. Juma la tano tulikwenda, na tulikwenda kumzika. Alikufa bila Mpako Mtakatifu, yeye aliyewaandaa wengine wengi kuupokea.

Mjane wake hakutulaumu. Alitukaribisha kwa heshima, akatupatia kiti, kisha akasema, “Padre, kila ulipopiga simu, alituomba tumvalishe shati lake jeupe. Alisema, Padre anakuja.”

Tumelifikiri neno hilo mara nyingi. Simu haikutudanganya; tulijidanganya wenyewe kwa msaada wake. Kama kusingalikuwa na simu, kijana angalitumwa kwa baiskeli kuja parokiani, angalisimama mlangoni petu na vumbi lake miguuni, nasi tusingaliweza kumrudisha na maneno matupu. Tungaliondoka naye. Simu ilitupa njia ya kuonyesha upendo kwa gharama ndogo, na gharama ndogo ikaituliza dhamiri iliyopaswa kutusumbua. Wahenga walisema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Tunaweza kusema pia kwamba sauti ya mbali haimgeuzi mgonjwa ubavu, haimnyweshi maji, wala haimpaki mafuta matakatifu.

Tuangalie basi mafundisho ya imani yetu. Mtume Yohane, katika waraka wake wa tatu, anamwandikia rafiki yake Gayo. Anapofika mwisho anamweleza kwamba bado ana mambo mengi ya kumwambia, ila hapendi kuyamaliza kwa wino na kalamu, kwa sababu anatumaini kumwona upesi na kusema naye uso kwa uso. Wino na kalamu vilikuwa simu ya zama zile. Yohane hakuvidharau, kwani alivitumia, na kwa njia hiyo waraka umetufikia hata sisi. Lakini alijua mpaka wake: barua ilikwenda mbele kumtengenezea njia, na yeye mwenyewe alikusudia kuifuata.

Ndivyo alivyotutendea Mungu. Kwa karne nyingi alisema na watu kwa vinywa vya manabii. Ulipotimia wakati wake hakuishia katika kutuma ujumbe mwingine, bali Neno mwenyewe alitwaa mwili akakaa kwetu. Kristo aliwagusa wakoma, aliushika mkono wa binti Yairo, alikula na wenye dhambi. Kwa sababu hiyo Kanisa, katika hati yake ya mwaka 2002 juu ya intaneti, lilifundisha wazi kwamba hakuna sakramenti zinazotolewa kwa njia ya mtandao. Maji yamguse anayebatizwa. Mafuta yamguse mgonjwa. Mkate wa uzima uliwe. Na Baba Mtakatifu Fransisko, katika ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari ya mwaka 2021, alichagua mwaliko wa Injili unaosema njoo uone, akitukumbusha kwamba habari ya kweli juu ya watu hupatikana kwa kuwaendea pale walipo na jinsi walivyo.

Sisi wa pande hizi tunaye mfano wa karibu. Huko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, alifanya kazi katekista na tabibu Adrian Atiman, mzaliwa wa Afrika ya Magharibi aliyetekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, kisha akasomea uganga huko Malta. Aliwahudumia watu wa Karema kwa zaidi ya miaka 60, hadi alipofariki mwaka 1956. Angalikuwa na simu, bila shaka angaliitumia kwa furaha, na wagonjwa wengi wangalipona kwa kuwahiwa. Lakini wazee hawamkumbuki kwa habari alizopeleka. Wanamkumbuka kwa mikono yake, kwa kuwa alikuwapo.

Je, tufanye nini? Tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, nyumbani. Wakati wa chakula na wakati wa sala ya jioni, simu ziwekwe pamoja mahali pamoja, za wazazi zikitangulia. Mtoto hatatii amri ambayo baba yake anaivunja huku akitafuna.

Pili, katika jumuiya ndogo ndogo. Rambirambi iliyotumwa kwa simu ni sadaka njema, nayo imezisaidia familia nyingi kununua sanda na kuwalisha waombolezaji. Lakini aliye kijijini au kata ya jirani asidhani kwamba amekwisha kufika msibani kwa sababu fedha yake imefika. Viongozi wa jumuiya, mnapopokea habari ya mgonjwa kwa simu, kabla ya kuikata mtaje nani atakwenda na siku gani. Na sisi mapadre tusiahidi juma. Tutaje siku, na tuishike.

Tatu, kwa walio mbali kweli. Wako watoto wetu wanaofanya kazi Dar es Salaam, Mwanza na ng’ambo, ambao nauli ya kuja Mpanda ni mshahara wa siku nyingi. Hao hatuwahukumu. Kwa mtu asiye na njia nyingine, sauti yake kwa mama yake ni zawadi kamili mbele ya Mungu. Tunawaomba jambo moja tu: fedha ya mwezi isitangulie salamu, wala isichukue nafasi yake. Mpigieni mama hata siku ambayo hamna cha kutuma, ili ajue kwamba mnamtafuta yeye.

Wapendwa, juma hili kila mmoja wetu atafute katika simu yake jina moja: mtu anayemwambia mara kwa mara “nitakuja,” naye hajaenda. Pengine ni shangazi, pengine ni rafiki mliyekosana, pengine ni mgonjwa wa kigango cha pili. Mpigie leo, mwambie siku. Kisha ondoka uende, maana huenda amekwisha kuomba avalishwe shati lake jeupe.

Mungu Baba, aliyetuletea Mwanawe akae kati yetu, azibariki njia zenu. Tumsifu Yesu Kristo.