Transista Moja Moja au IC: Saketi Yako Inataka Nini?

Kuna zoezi ambalo karibu kila anayejifunza elektroniki hulipitia: kuwasha taa mbili za LED kwa zamu, moja ikizimika nyingine iwake, mzunguko mzima ukichukua takriban sekunde moja. Unaweza kulifanya kwa transista mbili aina ya BC547, rizista nne na kapasita mbili. Unaweza pia kutumia IC moja ya miguu minane iitwayo 555, na vipuri vichache pembeni yake. Taa zitawaka vyovyote vile. Ila ukizitazama saketi hizo mbili kwa makini, utajua lini uchague ipi katika kazi kubwa zaidi.

Tuanze na transista. Hizi mbili hupokezana: moja ikifunguka, kapasita huifunga ya pili mpaka chaji yake iishe. Muda wa kila upande ni 0.69 mara rizista mara kapasita. Ukiweka kilo-omu 68 na mikrofaradi 10, kila taa itawaka kwa karibu sekunde 0.47. Saketi yote iko wazi mbele yako. Unaweza kuupima kila mguu wa kila transista na kuona kinachotokea.

Lakini iko hatari ambayo michoro mingi haiitaji. Ukitumia betri ya volti 9, transista moja inapofunguka, besi ya mwenzake husukumwa chini ya sifuri kwa karibu volti 8. BC547 imetengenezwa kuhimili volti 6 tu kwa mwelekeo huo. Matokeo yake muda hupungua, na transista huchakaa polepole. Dawa yake ni daiodi ndogo kabla ya kila besi. Anayejenga kwa transista moja moja hana budi kuyajua mambo kama haya, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyeyafikiria kwa niaba yake.

Kwenye 555, aliyeyafikiria ni Hans Camenzind, mhandisi mzaliwa wa Uswisi, aliyeibuni mwaka 1971 kwa ajili ya kampuni ya Signetics ya Marekani. Iliingia sokoni mwaka 1972. Ndani yake mna transista zaidi ya 20, na rizista tatu za kilo-omu 5 zilizopangwa mfululizo. Rizista hizo huigawa volti ya betri katika mafungu matatu sawa. Kapasita hujaa mpaka theluthi mbili, kisha hupungua mpaka theluthi moja, na kuanza tena.

Rizista inayochorwa ndani ya silikoni si sahihi hata kidogo. Inaweza kukosea kwa asilimia 20 au zaidi. Hata hivyo, zote tatu zimetengenezwa pamoja juu ya kipande kimoja, kwa hiyo zikikosea hukosea kwa kiasi kilekile, na theluthi hubaki theluthi. Betri nayo ikishuka kutoka volti 9 hadi 6, mipaka hiyo hushuka sambamba na kasi ya kujaa kwa kapasita. Taa huendelea na mwendo wake karibu bila kubadilika.

Watu huisifu IC kwa udogo wake, lakini nguvu yake kubwa ni kwamba vipuri vyake ni mapacha. BC547 mbili za dukani zinaweza kutofautiana sana: kiwango cha kukuza mkondo kinaruhusiwa kuwa popote kati ya 110 na 800. Zaidi ya hapo, volti kati ya besi na emita hushuka kwa takriban milivolti 2 kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka.

Tuseme unataka kupima joto la tanuri kwa themokapo aina ya K, inayotoa mikrovolti 41 hivi kwa kila nyuzi ya Selsiasi. Ukijenga kikuza ishara kwa transista mbili, na moja ikawa na joto zaidi ya mwenzake kwa nyuzi moja tu, kosa la milivolti 2 litaonekana kama badiliko la karibu nyuzi 50 tanurini. IC kama OP07, ambayo transista zake zimekaa ubavu kwa ubavu katika joto moja, hulishusha kosa hilo hadi chini ya mikrovolti 200. Kwa kazi ya namna hii, IC ndiyo jibu.

Kwenye nguvu, mambo hugeuka. Mguu wa kutolea wa 555 hauwezi kuzidisha miliampea 200. Transista ya 2N3055, yenye kasha la chuma linalofungwa kwa skrubu kwenye bamba la kupoozea, hupitisha hadi ampea 15. Kwa hiyo mota ya pampu inaweza kupata muda wake kutoka kwa IC na mkondo wake kupitia transista, zote mbili katika saketi moja.

Idadi nayo ina neno lake. Kuendesha relei moja ya volti 12 inayokula miliampea 30, BC547, rizista ya kilo-omu 1.5 na daiodi vinatosha, ikiwa amri inatoka kwenye mguu wa volti 5. Kwa relei saba utachomelea vipuri 21. Hapo IC ya ULN2003, yenye njia saba na daiodi zake ndani, ni nafuu na rahisi kukagua. Kumbuka tu kwamba hupoteza karibu volti 1 njiani. Relei ya volti 12 haitajali, ya volti 5 inaweza kukataa kuvuta.

Basi kabla ya kwenda dukani, andika namba tatu pembeni ya mchoro wako: mkondo mkubwa utakaopita, kosa dogo kabisa unaloweza kuvumilia, na mara ambazo sehemu ileile inajirudia. Mkondo mkubwa huita transista. Kosa dogo na marudio mengi huita IC. Na kama lengo lako ni kujifunza, jenga kwanza kwa transista, maana aliyewahi kuisawazisha saketi kwa mkono wake ataelewa kila IC inachomfanyia.