Baridi imefika: tusaidie banafunzi ba masomo ya kazi bamalize mwaka

Mvua imekwisha, vumbi imeanza, na asubui kila mutu anatoka na koti. Hapa Lubumbashi tuko juu kwa metre 1200 hivi, na Kolwezi inapita 1400. Njo maana mu mwezi wa sita na wa saba, usiku baridi inaweza kushuka chini ya digri 10.

Kwa mwanafunzi anayejifunza kazi, ikuwe umeme, makanika, ujenzi, uuguzi ao biashara, hii miezi njo nzito kuliko zote. Staji, raporti, mitihani na deni ya masomo, vyote vinakuja pamoja. Tunaandika leo kwa banafunzi na kwa bazazi babo, zaidi mu nyumba fasi baba anafanya posti ya usiku na mutoto anatafuta namna ya kusoma muchana bila kumuamusha.

Makaratasi kwanza

Angalieni majina. Kwa mutoto wa mwaka wa sita anayeingia mu Examen d'État, jina, postnom na prénom vinapashwa kuwa sawasawa na vile viko mu cheti cha kuzaliwa. Herufi moja ikikosewa mu liste, itakosewa pia mu diplome, na kuirekebisha kisha kunaomba safari na feza. Muende ku biro ya masomo, muombe kuona liste, musome herufi kwa herufi.

Kwa bale ba masomo ya juu, kama ISTM na ISC, mufumo wa LMD unahesabu kredi: 30 kwa semestre moja, 60 kwa mwaka, 180 kwa lisansi ya miaka tatu. Kozi iliyoachwa leo itakuwa deni mwaka ujao. Mwanafunzi aulize sasa ni kozi gani point zake hazijaonekana, mbele ya mwalimu kuenda zake.

Na minervali? Mushahara ukichelewa, muzazi asingoje siku mutoto anarudishwa ku mulango wa mtihani. Aende yeye mwenyewe mapema, aeleze shida, aombe kulipa kwa transhi, na apate maandishi yenye kachet. Kila risiti ichungwe nyumbani fasi moja, hata ile ya mwaka uliopita. Bila risiti, umelipa ao haukulipa, ni sawa.

Ku staji na ku atelie, baridi inadanganya

Asubui ya baridi, mwanafunzi anaingia atelie na kitambaa shingoni, koti yenye mikono mirefu, na ganti. Mbele ya mashini inayozunguka, kama ile ya kutoboa ao kuchonga chuma, vitu hivyo vitatu vinaweza kumukokota mukono ao shingo kwa sekunde moja. Ku mashini ya namna hiyo kitambaa kinatoka, mikono ya nguo inafungwa, na ganti zinavuliwa. Na anayesude asivae koti ya nailoni: cheche ikianguka, nailoni inayeyuka na kushikamana na ngozi. Avae pamba nzito, na ndani aongeze tu mupira wa pamba.

Baba na bakaka banaofanya ku kompanyi banajua mambo haya, banayasikia kila siku mbele ya kuanza posti. Basi baseme nayo nyumbani. Dakika kumi ya baba juu ya kaski, viatu na ganti inaweza kumusaidia mwanafunzi kuliko kitabu.

Jambo lingine: raporti ya staji haiandikwe siku ya mwisho. Kila mangaribi aandike mu kaye mistari tano: kazi gani ilifanyika, na chombo gani, shida gani ilitokea, ilitengenezwa namna gani. Na asiondoke ku staji bila atestasyo yenye sinyature na kachet. Kurudi kuitafuta kisha miezi mbili, shefu amehamishwa, ni mateso bure.

Mbabula haiingie mu chumba cha kulala

Hapa tunaomba musome polepole. Kuramenti ikikatika na baridi ikikaza, banafunzi bengi banaingiza mbabula mu chumba, banafunga mulango na dirisha, banasoma mpaka usingizi unabakamata. Makala iliyowaka muzuri haitoe moshi, na watu banafikiri hakuna hatari. Kumbe inatoa gazi ambayo haina rangi wala harufu. Gazi hiyo inashikamana na damu mara zaidi ya 200 kuliko hewa nzuri, na mwili unakosa pumuzi kidogo kidogo. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kutaka kutapika, na usingizi muzito. Mwenye kulala hasikie kitu. Jamaa nzima inaweza kukufa usiku mumoja.

Basi: muote moto inje ya nyumba, na mbabula ibakie inje wakati wa kulala, hata kama makala inaonekana kuwa imezimika. Groupe nayo isiwekwe mu koridoro wala chini ya dirisha. Baridi tunaifukuza na blanketi, soksi, na nguo mbili tatu. Ukikuta mutu amelegea mu chumba chenye mbabula, fungua milango yote, mutoe inje ku hewa, na umupeleke hospitali mbio. Kumupatia maziwa hakutasaidia kitu.

Tena, homa ya majira haya isiitwe tu «baridi». Malaria haina likizo. Mutoto akitetemeka, apimwe kwanza, dawa ije kisha.

Kariere inaita

Wakati wa kiangazi mashimo yanakauka, na vijana banaona rafiki zao banarudi na feza ya siku. Mwanafunzi anayedaiwa minervali anajiambia: nitaenda juma mbili tu, nitarudi. Shimo kavu nalo linaanguka, na juma mbili ya mwezi wa sita njo juma ya mitihani. Sheria pia iko wazi: Code minier ya 2002, vile ilibadilishwa 2018, inatoa karte ya muchimbaji kwa mukubwa tu, na anapashwa kuwa mu koperative. Mutoto wa chini ya miaka 18 hana fasi kule.

Mwenye kukosa kabisa feza ya kuendelea, kuliko kupotelea ku kariere, aulize mafunzo mafupi ya INPP, ile ya tangu 1964, iko hata hapa Lubumbashi. Fundi wa umeme ao wa makanika mwenye karatasi yake anaweza kuomba kazi ku kompanyi. Mwenye kuacha masomo katikati hana karatasi ya kuonyesha.

Wazazi, leo mangaribi mukae na mutoto, muulize maswali tatu: unadaiwa nini, mtihani wako wa kwanza ni siku gani, na usiku unasoma fasi gani. Majibu yatawaonyesha wapi pa kuanzia.