Tumbo linawaka? Usikimbilie kumlaumu mama wa kibanda

Unalijua hilo tumbo. Umekula chapo madondo saa saba mchana, kufika saa tisa ni kama mtu amekuwashia jiko la makaa chini ya kifua. Unabeua, tumbo linajaa gesi, unatafuna vidonge viwili vya kukata asidi, maisha yanaendelea. Usiku tumbo likiwa tupu, moto unarudi. Mabeshte wako washatoa hukumu: "Hiyo ni alsa, uko na stresi mob." Mwingine analaumu pilipili, wa tatu mafuta ya mama wa kibanda.

Pilipili inaweza kukuchoma na mawazo yanaweza kuongeza maumivu, sikatai. Lakini vidonda vya tumbo vina wasababishi wakuu wawili. Wa kwanza ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ama H. pylori kwa kifupi. Wa pili ni dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen zinazomezwa ovyo. Wewe unayezimeza kila Jumatatu kwa sababu ya mazoezi ya jimu ama hangova ya wikendi, unasikia?

Asidi ya tumbo huua vijidudu vingi, ila huyu ana ujanja wake. Hutengeneza amonia inayopunguza ukali wa asidi inayomzunguka, kisha kwa umbo lake la kujipinda kama skrubu anajichimbia ndani ya ute unaofunika ukuta wa tumbo. Asipotibiwa, anaweza kukaa humo maisha yako yote.

Zamani hata madaktari walisema vidonda huletwa na stresi na asidi nyingi. Waaustralia wawili, Robin Warren na Barry Marshall, waliposema ni bakteria, wengi hawakuwaamini. Basi mwaka 1984 Marshall alichukua kikombe chenye bakteria hao, akakinywa. Siku chache baadaye alikuwa anatapika, na vipimo vikaonyesha tumbo lake limevimba ndani. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. (Usijaribu hiyo kwa keja.)

Sasa, ulimtoa wapi? Huenda si kwa kibanda cha jana. Wengi huambukizwa wakiwa watoto, nyumbani, kupitia mate, matapishi, ama mikono na maji yaliyochafuliwa na kinyesi. Mzazi kumtafunia mtoto chakula ni njia mojawapo. Nyumba yenye watu wengi na maji ya shida humfaa sana bakteria huyu, ndiyo maana amejaa katika nchi kama yetu. Duniani, inakadiriwa kuwa karibu nusu ya watu wamewahi kumbeba, wengi wao bila dalili yoyote. Kunawa mikono kwa sabuni ukitoka msalani na kunywa maji yaliyotibiwa bado ni lazima, hasa kama una mtoto mdogo nyumbani.

Tatizo kubwa liko kwenye kupima. Kuna kipimo cha damu cha haraka ambacho huangalia kingamwili, na kingamwili hubaki mwilini muda mrefu hata baada ya bakteria kuisha. Unaweza kupona kabisa, upimwe damu, uambiwe bado unaye, ununue dawa tena bure. Omba kipimo cha choo, ama kile cha kupuliza pumzi. Pia mwambie daktari dawa ulizotumia, kwa sababu omeprazole inaweza kumficha bakteria. Kwa kawaida huachwa wiki mbili kabla ya kupimwa, na antibiotiki wiki nne.

Akipatikana, hatibiwi kwa kidonge kimoja. Mara nyingi utapewa dawa ya kupunguza asidi pamoja na antibiotiki mbili, kwa mfano amoxicillin na clarithromycin, kwa siku 14. Kama una mzio wa penisilini, sema mapema. Na nikuonye: clarithromycin huacha mdomo mchungu kama umelamba sarafu, na tumbo linaweza kuharisha kidogo. Hapa ndipo wengi huacha. Siku ya tano maumivu yamepungua, dawa ni bei, unaona heri uziweke akiba. Ama mwenye kemisti anakuuzia za siku tatu kwa sababu ndizo pesa ulizo nazo. Bakteria waliosalia ni wale sugu, na awamu ijayo utahitaji dawa zaidi, za gharama zaidi. Kama huna pesa za dozi nzima, mwambie daktari kabla hujaanza, si katikati. Maziwa hutuliza kwa muda tu, kisha asidi huongezeka. Hayaui bakteria.

Wiki nne au zaidi baada ya dozi, rudi upimwe choo ama pumzi. Wengi huruka hatua hii, ilhali tangu 1994 shirika la utafiti wa saratani la WHO limemweka H. pylori kwenye orodha ya visababishi vya saratani. Wengi walio naye hawataipata, lakini kumbeba miaka 30 bila kujua si mpango.

Ila ukitapika damu ama kitu kama unga wa kahawa, ukienda choo cheusi kama lami, ama ukihisi kizunguzungu pamoja na maumivu makali ya ghafla, achana na kemisti na usingoje asubuhi. Nenda hospitali usiku huo huo.