Kuumaliza Mkoa: Wachezaji wa Intaneti na Wapelelezi wa Ziwa Tanganyika

Katika michezo ya intaneti ambamo mtu huvaa uhusika wa shujaa na kutembea katika nchi ya kubuni pamoja na maelfu ya wenziwe, swali moja hurejea kila mara: je, mchezaji aumalize kwanza mkoa mmoja wote, kila pango lake, kila kazi anayotumwa na wenyeji wake na kila njia iliyojificha, ndipo avuke mpaka, au apite haraka katika mikoa yote ili alijue umbo la nchi, kisha arudi kukamilisha alivyoviacha? Katika World of Warcraft, mchezo uliotolewa mwaka 2004, ramani ya kila mkoa huwa imefunikwa, na hufunuka kipande kwa kipande kadiri mchezaji anavyoikanyaga ardhi yake. Na tangu mwaka 2008 mwenye kuzifunua zote hutunukiwa lakabu ya mpelelezi.

Mwingereza Richard Bartle, mmoja wa waasisi wa MUD, mchezo ulioanza katika Chuo Kikuu cha Essex mwaka 1978, aliwagawa wachezaji mwaka 1996 katika makundi manne: wanaotafuta mafanikio, wanaotafuta kuijua nchi, wanaotafuta suhuba na wanaotafuta kuwashinda wengine. Makundi mawili ya awali aghalabu huchanganywa, ilhali hayafanani hata kidogo, maana wa kwanza huhesabu alivyovikamilisha na wa pili hutaka kufahamu nchi imeumbwaje. Na mtu aweza kuifunua ramani nzima asiifahamu nchi.

Elimu ya viumbe ina kanuni inayohusu swali hilo la kukaa au kuondoka. Mwaka 1976 Eric Charnov, akichunguza jinsi wanyama wanavyotafuta chakula, alionyesha kwa hesabu kwamba kiumbe mwenye kula mahali pamoja hufaidika zaidi akiondoka wakati pato la mahali hapo linaposhuka hadi kulingana na pato la wastani la nchi nzima, muda wa safari ukiwa umehesabiwa ndani yake. Kwa hiyo malisho yakiwa mbali mbali, ni aula kukaa zaidi, na yakiwa karibu karibu, ni aula kuhama mapema. Wavuvi wa Rumonge, mji wa mwambao wa Burundi ulio kilomita 70 na ushei kusini ya Bujumbura, hukabiliwa na hesabu hiyohiyo katika usiku wa giza, wanapowasha taa juu ya maji ili samaki waitwao ndagala wakusanyike: kila wavu unapopanda mwepesi kuliko uliotangulia, sharti waamue kama watautosa tena papo hapo au watauzima mwanga wao na kuhamia maji mengine. Mchezaji naye huiona saa ya kwanza ya mkoa ikimpa mengi, na saa za mwisho, anaposaka pango moja lililosalia, zikimpa machache mno.

Lakini wastani wa nchi haujulikani ila kwa aliyeizunguka nchi. Mvuvi anaujua kwa urithi wa wazee wake na kwa miaka yake mwenyewe juu ya maji. Mgeni hana urithi huo, na ndiyo sababu historia ya upelelezi wa Ziwa Tanganyika ina mafunzo makubwa kwa wenye kuuliza swali la wachezaji.

Richard Burton na John Speke waliliona ziwa mwezi Februari 1858, na muda si mrefu wakapanda kaskazini kwa mitumbwi hadi Uvira, wakitaka kujua kama mto Rusizi huingia ziwani au hutoka, kwa maana ukitoka ungeweza kuwa chanzo cha Nili. Wenyeji waliwaambia kuwa huingia, nao wakarudi bila ya kuufikia, na mashaka yakaendelea kwa miaka 13. Mwezi Novemba 1871 David Livingstone na Henry Morton Stanley walitoka Ujiji, wakaambaa na mwambao ambao leo ni wa Burundi, wakatua Mugere, mahali ambapo hadi sasa pana jiwe la kumbukumbu yao, kisha wakaufikia mlango wa Rusizi na kuyashuhudia maji yakiingia. Hawakukamilisha kila ghuba waliyoipita; walikwenda penye jibu.

Stanley alirejea mwaka 1876 na mashua yake Lady Alice, akasafiri siku 51 kuzunguka sehemu kubwa ya ziwa, na mwendo huo, ukijumlishwa na ule wa mwaka 1871, ukaukamilisha mwambao. Hapa ndipo ninapoona fundisho lenye thamani kuliko yote. Verney Lovett Cameron alikuwa ametangaza mwaka 1874 kwamba mto Lukuga, upande wa magharibi wa ziwa, ndio mlango wa kutokea maji. Stanley alipofika aliukuta umezibwa kwa matope na mafunjo, akakanusha kuwa ni mto utokao kwa wakati huo. Maji yalikuwa yakipanda, na baadaye yakalivunja lile zibo, hata Edward Hore, mmisionari, alipofika mwaka 1879 akaukuta mkondo wenye nguvu ukitoka ziwani. Wote watatu walisema waliyoyaona; ziwa ndilo lililobadilika.

Kwa hiyo rai yangu kwa mchezaji ni kuizunguka nchi yake kwanza kwa wepesi, kisha kukaa pale penye swali analolitamani, na kuiacha mikoa mingine bila ya majuto maadamu pato lake limeshuka hadi wastani. Nchi ya mchezo itamngoja, kwa kuwa aghalabu haibadiliki ila kwa amri ya walioiunda. Ziwa halingoji. Lukuga ndio mlango wake pekee hadi leo, na mvua zinapozidi kile unachoweza kukitoa, maji hupanda: mwaka 2024 yaliingia katika mitaa ya ufukweni ya Rumonge na kuwahamisha watu majumbani mwao. Wenye kuchora ramani za mwambao huo hawana budi kuupima upya, na wenye kujenga wasiutegemee mstari wa maji uliochorwa zamani.