Redio ya Pakiti kwa Mwanaredio wa Ridhaa Anayeanza

Sehemu hii inafafanua misingi ya redio ya pakiti, yaani njia ya kurusha data kwa mawimbi ya redio ikiwa imegawanywa katika vipande vifupi viitwavyo pakiti. Hoja inayojengwa ni kwamba mafanikio ya anayeanza hayategemei sana nguvu ya mtambo wake. Hutegemea zaidi namna anavyoitumia chaneli anayoshiriki na wenzake.

Chimbuko la mbinu hii ni mtandao wa ALOHAnet, ulioanza kazi mwaka 1971 katika Chuo Kikuu cha Hawaii chini ya uongozi wa Norman Abramson, ili kuunganisha kompyuta zilizotenganishwa na bahari. Mwaka 1978 wanaredio wa ridhaa wa Montreal, Kanada, walirusha pakiti zao za kwanza. Mwaka 1984 ilichapishwa itifaki ya AX.25 toleo la 2.0, ambayo ndiyo msingi wa vituo vingi hadi leo.

Anayeanza anahitaji leseni, redio ya FM ya bendi ya mita 2, antena, kompyuta na modemu. Zamani kazi ya modemu ilifanywa na kifaa maalumu kilichojulikana kama TNC. Siku hizi programu kama Dire Wolf huifanya kupitia kadi ya sauti ya kompyuta. Katika mfumo uliozoeleka zaidi, data hugeuzwa kuwa milio miwili, mmoja wa Hz 1200 na mwingine wa Hz 2200, na kurushwa kwa kasi ya biti 1,200 kwa sekunde.

Kila pakiti hubeba alama ya utambulisho ya kituo kinachorusha na ya kinachopokea. Alama hiyo haizidi herufi na tarakimu 6, na huambatana na nambari kati ya 0 na 15 inayotofautisha vituo vya mtu mmoja. Mwishoni mwa pakiti huwekwa biti 16 za ukaguzi. Iwapo ukaguzi utaonesha kosa, hata la biti moja, pakiti nzima hutupwa na mrushaji hulazimika kuirudia.

Kanuni hiyo ina athari kubwa. Tuchukulie chaneli ambamo, kwa wastani, biti moja kati ya 1,000 huharibika. Pakiti yenye baiti 256 za data ina biti 2,048 za data pekee. Uwezekano wa zote kufika salama ni takribani asilimia 13. Ikipunguzwa hadi baiti 64, uwezekano hupanda hadi takribani asilimia 60. Hivyo basi, chaneli ikiwa mbovu, pakiti fupi hufikisha ujumbe upesi kuliko ndefu.

Tatizo la pili ni migongano. Abramson alionesha kwamba vituo vikirusha bila kusikilizana, chaneli haiwezi kutumika kwa zaidi ya takribani asilimia 18 ya uwezo wake. Kwa sababu hiyo, kituo cha pakiti husikiliza kwanza na kusubiri chaneli iwe kimya. Hata hivyo, vituo viwili vilivyo pande mbili za mlima huweza kukisikia kirudishi kilicho kileleni bila vyenyewe kusikiana. Vikirusha kwa wakati mmoja, kirudishi hakipati ujumbe wa yeyote. Kuongeza nguvu ya urushaji hakuondoi tatizo hili.

Kutokana na maelezo hayo, anayeanza anashauriwa kuzingatia mambo matatu. Kwanza, kiwango cha sauti inayoingia redioni kiwe cha wastani, kwa kuwa sauti kubwa mno hupotosha milio. Pili, muda wa kusubiri baada ya redio kuwashwa kurusha, ambao mara nyingi huanzia milisekunde 300, usiwe mfupi kiasi cha kukata mwanzo wa pakiti, wala mrefu kiasi cha kuishikilia chaneli bure. Tatu, atumie muda wa kutosha kupokea tu, huku akiangalia ni vituo vipi anavyovisikia na ni vipi vinavyojibiwa ilhali yeye havisikii.

Kwa kuhitimisha, redio ya pakiti ni mali ya pamoja. Anayeirekebisha mitambo yake vizuri hujinufaisha mwenyewe na pia huwaachia wengine nafasi ya kusikika.