Mtumwa na Mtumishi: Habari za Bakhita, Bawabu wa Schio

Liko swali ambalo wengi hujiuliza, hasa vijana waliokwisha kusoma: Je, mtu aweza kuridhika na kazi duni bila kujidharau? Kufagia ua, kuchota maji, kuwapikia wengine chakula, kukaa mlangoni na kuwafungulia wageni: hapana nyumba wala shule iwezayo kuendelea bila kazi hizi, lakini wazifanyao hutajwa mara chache. Wakristo hufundishwa kwamba Yesu mwenyewe alikuwa seremala, na kwamba usiku wa mwisho kabla ya kufa kwake aliwaosha wanafunzi wake miguu, kazi iliyokuwa ya watumwa. Mafundisho hayo twayajua. Lililo gumu ni kuyatenda, tena pasipo kuyageuza kuwa kisingizio cha kuwaonea wanyonge. Kwa hiyo leo twataka kueleza habari za mwanamke mmoja Mwafrika aliyeuonja utumwa, kisha akachagua utumishi.

Mwanamke huyo ni Josephine Bakhita. Alizaliwa Darfur, upande wa magharibi wa Sudan, kadiri ya mwaka 1869. Sisi wa Afrika ya Mashariki twajua kwamba soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873; lakini katika Sudan biashara ile ilikuwa haijakoma, na miaka michache baadaye binti huyu, akali mtoto, alinyakuliwa na wateka watu karibu na kijiji chao. Hofu ilimshika hata akasahau jina alilopewa na wazazi wake. Waliomteka ndio waliomwita Bakhita, neno la Kiarabu lenye maana ya mwenye bahati; na neno letu bahati ni la asili hiyo hiyo. Bahati gani hiyo! Aliuzwa mara kadhaa katika masoko ya El Obeid na Khartoum. Alipigwa mijeledi, na katika nyumba moja alichanjwa mwilini kwa wembe, kisha chumvi ikasuguliwa katika majeraha ili alama zisitoweke.

Mwaka 1883 alinunuliwa na Callisto Legnani, balozi mdogo wa Italia katika Khartoum, ambaye hakumtesa. Mwaka 1885 bwana huyo alirudi kwao, naye Bakhita akaomba kufuatana naye. Walipofika Italia alipewa jamaa ya Michieli, akawa yaya wa binti yao mdogo. Baadaye bibi wa nyumba ile alisafiri kwenda Suakin, bandari ya Bahari ya Sham, ambako mumewe alikuwa na hoteli. Akawaacha Bakhita na mtoto kwa watawa wa Kanosa mjini Venice. Hapo ndipo Bakhita alipofundishwa dini. Tangu utoto alikuwa akitazama jua na nyota na kuwaza ni nani mwenyewe wa vitu hivyo; sasa akaambiwa, akafurahi.

Bibi aliporudi kumchukua, Bakhita alikataa kwenda. Tufikiri jambo hilo lilivyokuwa zito. Hakuwa na mali, wala ndugu, wala mtu wa kabila lake katika nchi ile. Naye aliyekuwa akimkatalia hakuwa katili, bali mtu aliyempenda. Shauri lilipelekwa mbele ya wakubwa wa serikali, na tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba sheria ya Italia haitambui utumwa, na kwamba Bakhita ni mtu huru. Tarehe 9 Januari 1890 alibatizwa, na katika majina aliyopewa mlikuwamo Fortunata, yaani lile lile Bakhita kwa lugha ya Italia. Tarehe 8 Desemba 1896 aliweka nadhiri za utawa.

Basi, mtu huyu huru alifanya nini na uhuru wake? Mwaka 1902 alipelekwa Schio, mji wa viwanda vya sufu kaskazini ya Italia. Huko alipika, akashona, akatunza vyombo vya kanisa, kisha akawa bawabu wa nyumba ya watawa. Watoto wa shule walipoingia kila siku, aliwawekea mkono kichwani kwa upole. Watu wa mji walimpenda, wakamwita mama yao mweusi.

Mtu atazamaye kwa nje tu angesema kwamba maisha yake hayakugeuka: zamani alitumikia, na sasa atumikia. Lakini mambo haya mawili hayafanani hata kidogo. Mtumwa hufanya kazi kwa kuwa mwenzake amejifanya bwana wa nafsi yake. Bakhita alifanya kazi kwa kuwa aliamini kwamba Bwana wake ni mmoja tu, naye yuko mbinguni. Na kwa sababu hiyo hapana sufuria wala mlango ulioweza kumshusha cheo. Heshima yake haikutoka katika kazi. Yeye ndiye aliyeitia kazi heshima.

Tena tuangalie utaratibu wa mambo. Kwanza alikataa utumwa, ndipo akakubali unyenyekevu. Wako wasemao kwamba Mkristo mnyenyekevu hana budi kunyamaza anapopunjwa ujira wake au anapotukanwa. Habari hizi zaonyesha sivyo. Mtu aweza kudai haki yake kwa adabu mchana, na jioni akamshukuru Mungu kwa riziki aliyo nayo. Kuridhika si kusema kwamba dhuluma ni njema.

Wala kuridhika si kusahau maumivu. Katika ugonjwa wake wa mwisho Bakhita alirudiwa na siku za utumwa, akawa akimwomba muuguzi amlegezee minyororo, ijapokuwa hakuwa nayo tena. Alikufa tarehe 8 Februari 1947 huko Schio. Jeraha lilikuwapo hata mwisho. Lakini halikumzuia kuwa mpole kwa watoto wa watu wengine. Tarehe 1 Oktoba 2000 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa mtakatifu.

Wahenga walisema, kazi mbi si mchezo mwema. Nasi twaongeza kwamba kazi huwa mbi au njema kwa jinsi ifanywavyo, na kwa jinsi afanyaye atendewavyo. Kijana aliyetoka shuleni akashika jembe, mwanamke auzaye maandazi njiani, tarishi apelekaye barua za wengine, wote wanaweza kujiuliza maswali mawili asubuhi: Leo nitamfanyia nani kazi hii? Na mtu atakayefika mlangoni pangu, atakwenda zake akiwa na moyo mwepesi zaidi au mzito zaidi? Nasi tupikiwao na kufunguliwa milango, inatupasa kujiuliza la tatu: Je, aliyetufungulia twamjua jina lake?